Unga wa upupu kwa mgonjwa wa Parkinson: mzee amepata nafuu, je, aache vidonge?

#1 Binti_Njoro
Habari wadau. Baba yangu ana Parkinson, tuko hapa Njoro. Ilianza na mkono wa kulia kutetemeka akiwa ameketi tu, halafu mwandiko ukazidi kuwa mdogo hadi karani wa benki akaikataa sahihi yake. Anameza vidonge vya levodopa na karbidopa asubuhi, mchana na jioni. Mwezi uliopita shangazi alimletea unga kutoka kwa mganga wa mitishamba upande wa Bungoma: mbegu za upupu zilizokaangwa na kusagwa. Anakoroga kijiko kwenye maji ya uvuguvugu alfajiri kabla ya kula chochote. Tangu aanze anafunga vifungo vya shati mwenyewe, hata kile cha kwenye kola ambacho mama alikuwa akimfungia. Jana ameenda hadi zizini na kurudi bila fimbo.

Sasa anasema vidonge ni pesa bure, anataka kuviacha. Mama anamuunga mkono. Mimi naogopa. Kuna aliyeitumia dawa hii? Inafanya kazi kweli ama ni nafuu ya kupita?

#2 Kijana_wa_Kondele
Upupu ule wa kuwasha? Ule tuliokuwa tukimwagiana shuleni hadi mtu anavua shati mbele ya darasa? Pole kwa mzee dada, lakini huyo wa kwanza kuuonja alikuwa jasiri.

#3 Mkulima_Webuye
@Kijana, huo wa kuwasha ni wa porini, wenye manyoya kwenye maganda. Kuna wa shambani ambao maganda yake hayana shida. Watu wa kilimo walituletea mbegu tupande katikati ya mahindi, unarutubisha udongo na kufunika magugu vizuri sana. Mbegu ni kubwa, nyeusi au nyeupe au za madoa, zinang'aa. Lakini walituonya tusizipike kama maharagwe, kwamba mtu atatapika na kichwa kimzunguke. Ya kwamba ni dawa ya kutetemeka nasikia leo.

#4 Mfamasia_Milimani
Ni dawa, na hapo ndipo hatari ilipo. Mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, ile ile iliyo kwenye vidonge vya mzee. Kwa kawaida ni kama asilimia 4 hadi 6 ya uzito wa mbegu. Levodopa ikifika kwenye ubongo hugeuzwa kuwa dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuendesha mwili, na dopamini ndiyo inayompungukia mgonjwa wa Parkinson. Kwa hiyo @Binti, vifungo vya shati si mazingaombwe. Mzee ameongezewa dozi bila daktari kujua.

Tofauti ni karbidopa. Kazi yake ni kuzuia levodopa isigeuzwe ikiwa bado tumboni na kwenye damu, ili nyingi ifike kichwani. Upupu hauna karbidopa, kwa hiyo anayetumia upupu peke yake anahitaji levodopa nyingi zaidi, na kichefuchefu kinakuwa kikali.

Kuna utafiti uliofanyika Bolivia kwa wagonjwa 18, ukachapishwa mwaka 2017. Unga wa upupu uliokaangwa ulilinganishwa na vidonge, na unga ulishindana navyo vizuri. Lakini hapo watu walipimwa kwa kila dozi moja moja chini ya macho ya madaktari, na unga wenyewe ulipimwa una levodopa kiasi gani. Huo wa kwenye mkebe wa shangazi nani ameupima?

Na asiache vidonge ghafla, tafadhali. Mgonjwa akikatiza levodopa kwa ghafla anaweza kukakamaa mwili mzima na kupandwa na homa kali. Watu hufa kwa hilo.

#5 Mama_wa_Lanet
Dada Binti, poleni sana. Mungu ndiye anayeponya, awe ametumia kidonge ama mti. Aliuumba upupu kabla ya kiwanda chochote. Mzee akipata nafuu mshukuruni, msimkatishe tamaa kwa hofu.

#6 Omwana_wa_Malava
Nashukuru kwa huu uzi. Kuka yetu, yaani babu, aliugua hivi hivi na hatukujua jina la ugonjwa. Uso wake ulikuwa hausogei, hata akifurahi huoni. Watu wakasema amekasirikia watoto wake. Baadaye wakasema amerogwa na jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kuku wakachinjwa, mbuzi wakatoka, boma mbili zikaacha kusalimiana. Alipofikishwa kwa daktari anayejua, alimwangalia akitembea mlangoni tu, akamwambia agongeshe kidole gumba na cha shahada mara nyingi, akasema ni Parkinson. Vidonge vikaanza akaweza kushika kijiko. Yule jirani hajaombwa msamaha hadi leo. Inaniuma.

#7 NyarSeme
@Omwana, kwetu waliita chira. Eti mama alivunja mwiko baada ya baba kufa. Tukazunguka sana. Kumbe mama alikuwa na shida ya tumbo na duka moja la dawa likawa linampa metoklopramidi ya kuzuia kutapika, anameza miezi na miezi bila mtu kumuuliza. Mikono ikaanza kutetemeka, mwendo ukawa wa kuburuta. Daktari aliyeikagua ile mifuko yake ya dawa akaisimamisha, na pole pole mama akarudi sawa. Hakuwa na Parkinson hata kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya mitishamba, hebu kila mtu amwage dawa zote za mzee wake mezani azisome.

#8 Mfamasia_Milimani
@NyarSeme umesema jambo kubwa. Metoklopramidi huziba njia za dopamini kwenye ubongo. Dawa za akili kama haloperidoli vilevile. Sasa fikiria huyu mzee wa Njoro: unga wa upupu utamtia kichefuchefu, atakimbilia duka la dawa, apewe metoklopramidi, na Parkinson izidi. Akihitaji dawa ya kutapika amuulize daktari kuhusu domperidoni, ambayo haiingii sana kwenye ubongo, ila mwenye shida ya moyo nayo lazima achunguzwe kwanza.

#9 Mwalimu_Mstaafu_Kakamega
Wanangu, mimi ndiye mgonjwa mwenyewe, si mtoto wa mgonjwa. Naandika polepole kwa hiyo mtanisamehe nikijibu ujumbe wa zamani.

Upupu sijautumia. Kilichonisaidia baada ya vidonge ni mwili kufanya kazi. Shida yangu kubwa ni kuganda. Nafika mlangoni, miguu inanata sakafuni, nasukuma mwili na miguu haiji. Binti yangu alinichorea mistari ya chokaa kwenye sakafu ya ukumbi, kila mstari hatua moja. Nikiilenga ile mistari navuka. Nikiiangalia miguu yenyewe, sitoki. Nilipokuwa kwa ndugu yangu ambako sakafu ni vigae vikubwa, ile mipaka ya vigae ilifanya kazi ile ile.

Halafu ngoma. Mjukuu wangu anapiga isukuti. Siku moja alianza kuifanyia mazoezi nje na mimi nimeganda kwenye kizingiti, na mguu ukanyanyuka wenyewe kwa mdundo. Tangu siku hiyo nikitembea nahesabu mdundo kichwani. Jioni tunacheza kama nusu saa, mke wangu ananishika kiuno kwa nyuma nisianguke. Usiku ule nalala vizuri.

Na baiskeli. Watu wa kijiji hawaamini. Mtu anayeshindwa kuvuka mlango anapanda baiskeli na kwenda sokoni. Kushuka ndiko kugumu, lazima mtu anisubiri.

#10 Kijana_wa_Kondele
Mwalimu, heshima yako. Lakini hiyo ya baiskeli lazima utuletee video, vijana wa boda huku Kondele hawatanikubalia.

#11 Fizio_Eldoret
@Kijana, Mwalimu anasema kweli. Mwaka 2010 jarida moja kubwa la tiba la Marekani lilichapisha habari ya mgonjwa wa Uholanzi ambaye hakuweza kupiga hatua chache bila kuanguka, lakini akaendesha baiskeli vizuri, akageuza na kurudi. Baiskeli ina mzunguko wake na pedali inauambia mguu wakati wa kushuka. Ila Mwalimu, barabara yenye matrela si mahali pake. Tafuta kiwanja, au baiskeli ya magurudumu matatu.

Mistari na mdundo ni mambo tunayoyafundisha kliniki. Ubongo wa Parkinson umepungukiwa na ile saa ya ndani ya kuanzisha mwendo, kwa hiyo unaupa alama kutoka nje. Na mazoezi mengine: utafiti wa mwaka 2012 uliwachukua wagonjwa 195, waliofanya tai chi, yale mazoezi ya polepole ya Kichina, mara mbili kwa wiki wakawa na usawa bora wa mwili na wakaanguka kidogo kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Hakuna mwalimu wa tai chi Kapsabet, najua. Lakini kuhamisha uzito polepole kutoka mguu huu hadi ule, ukiwa karibu na ukuta, kila mtu anaweza. Kuimba kanisani kwa sauti ya juu pia ni tiba, sauti za hawa wazee hupungua hadi familia inadhani amenuna.

#12 Mama_wa_Lanet
Amina kwa hiyo ya kuimba.

#13 BabaTabby_Section58
Mimi nauliza kitu kingine. Mama mkwe ameuziwa vidonge vya lishe kutoka kwa wale wa kuandikishana chini ya mtu. Koenzimu Q10, vitamini E, na unga wa kijani wa kukoroga. Bei ya mkebe ni karo ya shule. Kuna faida?

#14 Lishe_Bora_Nakuru
Q10 ni chakula cha seli ndugu yangu. Seli zikikosa nguvu ndipo ugonjwa unaingia. Nina wateja ambao wamebadilika kabisa. Hospitali hazitaki mjue.

#15 Mfamasia_Milimani
@Lishe_Bora, hospitali zilijaribu hizo dawa zenyewe kwa matumaini makubwa. Q10 ilipewa wagonjwa 600 Marekani na Kanada kwa dozi kubwa, matokeo yakatoka 2014: haikupunguza kasi ya ugonjwa. Vitamini E ilijaribiwa kwa wagonjwa 800, ripoti ikatoka 1993, hakuna kitu. Si siri, yote yamechapishwa. @BabaTabby, peleka hiyo pesa kwenye vidonge vya kweli na fiziotherapia.

#16 Lishe_Bora_Nakuru
Nitaheshimu maoni yako, lakini wateja wangu nawaona kwa macho.

#17 Mkulima_Webuye
Swali langu ni chanzo. Huku kwetu kwenye miwa na mahindi siku hizi vijana wanabeba pampu mgongoni bila glavu, upepo unawarudishia usoni. Nimesikia Parkinson inatokana na hizo kemikali. Ndiyo maana naona bora kurudi kwa vitu vya asili, dawa na mbolea.

#18 Mfamasia_Milimani
Kuhusu kemikali uko karibu na ukweli. Parakwati, ile ya kuchoma magugu, imehusishwa na Parkinson katika tafiti nyingi, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2007. Lakini "asili" isikudanganye. Mnaujua utupa, ule mmea wa kulewesha samaki mtoni? Una rotenoni. Na rotenoni ndiyo wanasayansi wanayowadunga panya wa maabara wakitaka kuwatia ugonjwa unaofanana na Parkinson. Umetoka ardhini kama upupu.

Mfano wa pili: miti ya jamii ya rauvolfia, waganga huitumia kwa presha na kwa wagonjwa wa akili. Ina reserpini, ambayo hukausha dopamini. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura reserpini wakalala bila kusogea, akawapa levodopa wakaamka. Kazi hiyo ilimpa Nobel mwaka 2000, na ndiyo iliyozaa vidonge vya baba yake Binti. Sasa mganga akikuchanganyia upupu na mizizi ya rauvolfia katika mkebe mmoja, mkono mmoja unajenga na mwingine unabomoa. @Binti, huo unga ni upupu mtupu?

#19 Omwana_wa_Malava
Kwa chanzo, kuka hakuwahi kushika pampu ya dawa maisha yake yote. Alikuwa fundi wa cherehani. Mnaeleza vipi hapo?

#20 Fizio_Eldoret
Hakuna anayeweza kukueleza kwa mtu mmoja. Umri ndio mkubwa kuliko yote, halafu jeni kwa wachache, halafu mazingira. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu zaidi ya milioni 8.5 wenye Parkinson mwaka 2019, na si wote waliowahi kunyunyiza parakwati.

#21 Jakom_Ahero
Baba yangu anatetemeka miaka mingi, na dawa yake ni pombe ya busaa. Akipata kikombe kimoja mkono unatulia, anashika kalamu vizuri kabisa. Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Mbona hamuitaji hiyo?

#22 Kijana_wa_Kondele
Sasa uzi umefika nyumbani.

#23 Fizio_Eldoret
@Jakom, mkono unatetemeka ukiwa umepumzika mapajani, ama anapoinua kikombe?

#24 Jakom_Ahero
Anapoinua. Ukiwa mapajani umetulia.

#25 Fizio_Eldoret
Basi huenda si Parkinson. Kuna kutetemeka kwa ukoo, hutokea mtu akitumia mkono, hurithiwa, na pombe kidogo huutuliza kwa muda. Dawa zake ni tofauti kabisa, levodopa haisaidii. Mpelekeni apimwe na daktari wa neva. Busaa isiwe matibabu, kesho atahitaji vikombe vitatu.

#26 Binti_Njoro
Asanteni wote, nimesoma kila kitu na mama ameniketia hapa nikimsomea kwa sauti. Nijibu maswali.

Shangazi anasema ni upupu peke yake, lakini hakuwepo ukisagwa.

Jambo ambalo sikuandika mwanzo: zamani baba alikuwa anameza vidonge pamoja na chai ya maziwa na mayai, mchana na githeri ya mahindi na maharagwe. Mganga alimwambia unga unywewe tumbo likiwa tupu na asile hadi jua lichomoze. Kwa hiyo siku hizi vidonge vya asubuhi anavimeza na ule unga, chai inakuja baadaye sana.

#27 NyarSeme
Basi ni chai! Mganga amemponya kwa kumhamisha chai.

#28 Mwalimu_Mstaafu_Kakamega
NyarSeme amegusa penyewe. Protini na levodopa hupigania mlango mmoja wa kuingilia mwilini. Mimi nikila omena mchana, kidonge cha mchana ni kama sikukimeza. Sasa nameza nusu saa au zaidi kabla ya chakula, na samaki, maharagwe na maziwa nayaweka jioni ambapo sina safari. Sijaacha protini, mwili utaisha. Nimeihamisha tu. Mboga za mrenda na maji mengi mchana, maana choo nacho kinafunga sana kwa ugonjwa huu, na choo kikifunga dawa inachelewa tumboni.

#29 Mkulima_Webuye
Mimi bado nasema ni upupu. Mfamasia mwenyewe amesema una dawa ndani.

#30 Mfamasia_Milimani
Yote mawili yanawezekana kwa pamoja. Na kuna la tatu ambalo si la kudharau. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada waliwapiga picha za ubongo wagonjwa wa Parkinson waliodungwa maji ya chumvi wakidhani ni dawa. Ubongo wao ukatoa dopamini ya kweli. Matumaini kwa ugonjwa huu yanafanya kazi kwenye kiungo kile kile kilichougua. Mzee alipoletewa dawa na dada yake kutoka mbali, kwa mapenzi, hilo nalo limo.

#31 Mama_wa_Lanet
Hayo matumaini sisi tunayaita imani. Mmekubali wenyewe.

#32 Fizio_Eldoret
Mama, hatubishani. Ila nataka kujua kitu. @Binti, siku hizi saa nne au saa tano asubuhi, mwili wa baba unajinyonganyonga? Kichwa kuyumba, mabega kuzunguka, mguu kucheza bila yeye kutaka?

#33 Binti_Njoro
Ndiyo. Mama alisema ni nguvu zimerudi. Anakaa kwenye kiti anayumba kama anasikiliza muziki, halafu inaisha kabla ya chakula cha mchana.

#34 Fizio_Eldoret
Hiyo si nguvu. Levodopa imezidi kwa saa hizo. Unga na kidonge vimegongana alfajiri tumbo likiwa tupu, vyote vimeingia kwa mkupuo. Akiyumba hivyo kwenye ngazi au karibu na jiko ataanguka.

#35 Mwalimu_Mstaafu_Kakamega
Binti, chukua daftari la mazoezi. Andika saa ya kidonge, saa ya unga, saa ya chakula na alichokula, saa anayofunga vifungo, saa anayoyumba, saa anayoganda. Andika kwa siku kadhaa. Daktari wangu aliposoma daftari langu alibadilisha saa za dawa bila kuongeza hata kidonge kimoja. Madaktari wa neva wengi wako Nairobi, ukimpata mmoja huku dakika zako ni chache, usizimalize kwa kukumbuka.

#36 Binti_Njoro
Nitafanya hivyo Mwalimu. Ana kliniki Alhamisi. Baba amekubali kutoacha vidonge hadi siku hiyo, lakini unga hataki kuuacha, anasema msimnyang'anye kile kilichomrudishia shati lake. Tumekubaliana mkebe uende naye kliniki. Mama anasema daktari atautupa.

#37 Mfamasia_Milimani
Daktari mzuri hatautupa, atauliza kijiko ni cha ukubwa gani. Peleka na kijiko chenyewe. Na kama anameza madini ya chuma kwa ajili ya damu, taja, yanapunguza levodopa inayoingia.

#38 Kijana_wa_Kondele
Mkulima, hizo mbegu za shambani unauza? Naulizia jirani.

#39 Mkulima_Webuye
Za kupanda kwenye mahindi nitakupa bure. Za kusaga, baada ya kusoma hapa, hapana.

#40 Jakom_Ahero
Fizio, samahani narudi kwa mzee wangu. Kichwa chake pia kinatikisika, kama mtu anayekataa kitu. Hiyo inaangukia upande gani?

#41 Fizio_Eldoret
Kichwa kutikisika hivyo ni zaidi ya upande wa kutetemeka kwa ukoo. Parkinson hushika kidevu na midomo mara nyingi kuliko kichwa. Lakini mtazame pia akitembea: mikono yote miwili inapepea? Harufu ya samaki wa kukaanga anaipata? Usiku anapiga ngumi akiota? Yaandike hayo, umpeleke.